Herufi C ya Kiingereza katika Nchi ya Pamba: Maneno Machache ya Bariadi na Historia Yake

Katika masomo ya lugha kuna zoezi moja lililozoeleka sana. Mwanafunzi hupewa orodha ya maneno ya Kiingereza yaanzayo kwa herufi moja, akatakiwa aandike maana ya kila neno kwa Kiswahili. Zoezi hili lina faida yake, maana hufundisha matumizi ya kamusi. Lakini lina hatari pia: humzoeza mtu kudhani kuwa maneno yaliyokaa jirani katika kamusi ni jamaa moja, na kwamba kila neno lina maana yake iliyo tayari, ikingoja kuchukuliwa kama gunia lingojavyo ghalani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Tutaitwaa herufi moja, yaani C, tuitazame ilivyoingia katika Kiswahili cha Bariadi na nchi inayoizunguka, ambayo tangu 2012 ni Mkoa wa Simiyu. Tumeichagua nchi hiyo kwa kuwa ni nchi ya pamba, na pamba ndiyo iliyowaletea wakulima wake mizani, ofisi, vyama na vitabu vya hesabu; na pamoja na vitu hivyo yakaja maneno.

Kwanza yatupasa tuijue herufi yenyewe. Katika Kilatini cha zamani C ilikuwa na sauti moja tu, nayo ni ile tuiandikayo kwa K. Waingereza wa kale nao waliitumia kwa sauti hiyo, ijapokuwa katika vinywa vyao sauti ilianza kugeuka mbele ya irabu fulani. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliofuata desturi ya Kifaransa waliyaandika upya maneno mengi: mbele ya e na i herufi C ikasomwa kama S, na ile sauti ya tatu wakaiandika kwa CH. Hivyo herufi moja ikawa na kazi tatu, na kwa sababu hiyo C ni miongoni mwa herufi zilizojaa maneno mengi zaidi katika kamusi ya Kiingereza. Wingi huo ni matokeo ya historia ya maandishi. Si dalili ya udugu wa maneno.

Kiswahili sanifu hakikuipokea herufi hiyo hivyo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa 1930 ikaendeleza kazi ya kulinganisha tahajia katika nchi nne za Afrika ya Mashariki. Katika tahajia hiyo C haisimami peke yake. Sharti iandamane na H. Basi neno la Kiingereza lianzalo kwa C, likifika mlangoni pa Kiswahili, hukuta milango mitatu na hupita katika mmoja wapo. Penye sauti ya kwanza hupita mlango wa K: kadi, kamati, kampuni, koti, kabichi. Penye sauti ya pili hupita mlango wa S: senti, sinema, silinda. Penye sauti ya tatu hubaki na CH: chaki, cheki, chenji. Kile kilichochanganywa na waandishi wa Wanormani kimetenganishwa tena na sikio la Mswahili.

Nasema sikio kwa makusudi, maana si jicho. Ushahidi wake ni neno kwaya. Kwa Kiingereza neno hili huanza kwa CH, na mtu aliyelifuata kwa jicho angeliandika kwa CH. Lakini waimbaji walilipata kwa masikio, wakaiandika sauti waliyoisikia. Huko Nassa, kando ya Ziwa Victoria, katika wilaya ambayo leo ni Busega, misheni ya Africa Inland ilianza kazi mwaka 1909, na kutoka hapo makanisa yake yalienea katika Usukuma. Maelfu ya watu waliojua kwaya ni nini hawakupata kuliona neno la Kiingereza limeandikwa. Vivyo hivyo Krismasi na kemia: yote mawili huanza kwa CH katika Kiingereza, na yote mawili yamepita mlango wa K.

Tena yapo maneno ambayo hudhaniwa kuwa ni ya kundi hili nayo siyo. Karani hufanana kwa mbali na neno la Kiingereza lenye maana hiyohiyo, hata watu wengine wakasema limetoka huko. Lakini karani lilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi, na ndugu yake yuko katika Kihindi; lilikuwa limekwisha kuzoeleka pwani kabla Mwingereza hajafungua ofisi yake ya kwanza Usukuma. Kanisa ni la Kiarabu. Kasha ni la Kireno. Maneno haya yalikuwa yamekwisha kukaa katika viti vyao, na kwa sababu hiyo maneno ya Kiingereza yenye maana hizo hayakupata nafasi. Hili ni jambo kubwa katika historia ya msamiati: neno geni haliingii mahali patupu tu kwa sababu wenye neno wametawala. Huingia pale palipo na kazi isiyokuwa na mtu wa kuifanya.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Wakati wa Waingereza Bariadi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa katika Jimbo la Ziwa, na watu wake walikuwa chini ya watemi, kama vile mtemi wa Ntuzu. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapita Malampaka, nayo ikafungua njia ya kupeleka pamba pwani. Wakulima waliongeza mashamba, na kwa muda mrefu waliuza pamba yao kwa wafanyabiashara waliokuwa na mizani na vinu vyao wenyewe. Manung'uniko makubwa ya wakulima yalikuwa juu ya mizani hiyo. Waliamini kuwa wanapunjwa, wakaanza kuweka watu wao wa kuangalia upimaji. Kutokana na juhudi hizo, na chini ya uongozi wa Paul Bomani, kilianzishwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 vyama vya ushirika viliunganishwa katika shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, mojawapo ya miungano mikubwa ya ushirika wa wakulima katika Afrika.

Katika biashara hiyo neno la kwanza kuzingatia ni senti. Wadachi walikuwa wameleta hela, na kabla yake pesa ilikuwa imekwisha kuingia kutoka Bara Hindi. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1920, iligawanywa katika senti mia. Bei ya pamba ikatangazwa kwa hesabu ya senti kwa kila ratili. Basi mkulima alijifunza kwamba tofauti ya senti chache, ikizidishwa kwa ratili za msimu mzima, ni ng'ombe au si ng'ombe. Leo hela na pesa zimepoteza thamani maalumu na kuwa fedha kwa jumla, lakini senti imebaki na udogo wake. Mtu husema hana hata senti. Hapo hana maana ya sarafu, bali ya ukomo wa umaskini. Kamusi ikisema tu kuwa senti ni sehemu moja ya mia ya shilingi, imesema kweli, lakini haijaieleza nguvu ya neno.

Pamoja na senti likaja neno sesi, ambalo bado husikika katika ofisi za halmashauri ijapokuwa Kiswahili safi ni ushuru wa mazao. Neno hili lina historia ya kuchekesha. Asili yake katika Kiingereza ni kipande cha neno lingine lenye maana ya kukadiria kodi, na hapo kwanza liliandikwa kwa S. Herufi C iliingizwa baadaye na waandishi tu. Kwa hiyo karani wa Bariadi aandikapo sesi kwa S, ameirudisha tahajia ya zamani kuliko ile iliyomo katika vitabu vya Waingereza wenyewe. Hata hivyo, kwa mkulima, jambo si tahajia. Sesi ni ile tofauti baina ya bei iliyotangazwa na fedha zilizofika mkononi.

Neno sensa nalo ni la mlango wa S. Leo ni neno la kawaida: sensa ya 2012 ndiyo ya kwanza kuuhesabu Mkoa wa Simiyu kwa jina lake, ikapata watu 1,584,157, na ile ya 2022 ikapata zaidi ya milioni mbili. Lakini katika Usukuma kuhesabiwa kulikuwa na maana nyingine hapo zamani. Chini ya mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, serikali ya kikoloni ilitaka mifugo ipunguzwe, na kuhesabu ng'ombe kulikuwa hatua ya kwanza ya kumtaka mwenye ng'ombe auze. Mtu aliyekuwa na kumbukumbu hiyo hakuisikia sensa kama habari ya takwimu. Aliisikia kama mguu wa mtu anayekuja zizini. Mwenye kuandika maana ya neno hili kwa watu wa nchi ya mifugo hana budi kuijua kumbukumbu hiyo, ijapokuwa hataiandika yote.

Tukirudi kwenye mlango wa K tunalikuta neno kadi. Kwa Kiingereza neno hilo hutaja karatasi ngumu za namna nyingi: za kuchezea, za salamu, za kujitambulisha. Kiswahili kilikuwa na karata kwa mchezo, neno la Kireno, basi kadi haikuichukua kazi hiyo. Ilichukua kazi ya siasa. TANU ilianzishwa Julai 1954, lakini katika Jimbo la Ziwa serikali haikuiruhusu kufanya kazi yake kisheria mpaka 1958. Katika hali hiyo kuwa na kadi kulikuwa tendo, na kuionyesha kulikuwa tendo kubwa zaidi. Kutokana na tendo hilo Kiswahili kimepata semi ambazo Kiingereza hakikutupa: kukata kadi ni kujiunga na chama, na kurudisha kadi ni kukihama. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, msemo wa kurudisha kadi ukapata kazi mpya, na Bariadi, ambako chama cha UDP kilipata wafuasi wengi, waliutumia sana. Mwanafunzi atakayeandika kuwa kadi ni karatasi ngumu atapata alama zake. Lakini hataielewa hotuba yoyote ya mkutano wa hadhara.

Neno la pili la kuzingatia ni lile lililozaa watoto wawili. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya chama cha watu wanaokutana kwa starehe au michezo limetupa klabu na kilabu. Klabu ni ya mpira, yenye viongozi na katiba. Kilabu ni mahali pa pombe ya kienyeji, penye mabenchi na mitungi. Tofauti ya sauti ni irabu moja tu, lakini irabu hiyo imefanya kazi kubwa. Neno liliposemwa kilabu, silabi yake ya kwanza ikafanana na kiambishi cha ngeli ya KI-VI, likapata wingi wake, vilabu, sawasawa na kitabu na vitabu, ambalo nalo ni neno geni lililopokewa kwa njia hiyohiyo. Klabu lilibaki katika ngeli ya maneno ya kigeni. Hapa twaona kwamba sarufi na jamii vilikwenda pamoja: aghalabu neno likiingia kwa watu wa kawaida huvaa mavazi ya kienyeji, na likiingia kwa wenye ofisi hubaki na koti. Mpaka huo hata hivyo si ukuta, maana siku hizi watangazaji husema pia vilabu vya mpira.

Katika mlango wa tatu tutazame chenji peke yake. Neno la Kiingereza lina maana pana sana: mabadiliko ya kila namna, ya hali, ya nguo, ya moyo. Kiswahili kilikuwa na badili na geuza, tena na mageuzi na mabadiliko, wala hakikuhitaji zaidi. Kikachukua kona moja tu ya neno hilo, yaani fedha ndogo inayorudishwa kwa mnunuzi. Neno pana limeingia likiwa jembamba. Hiyo ndiyo kawaida ya mkopo wa maneno: anayekopa huchukua kile alichokihitaji siku ile.

Sasa tumefika kwenye maneno mawili ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Katika kamusi ya Kiingereza neno la kampuni na neno la chama cha ushirika hukaa chini ya C, kurasa chache baina yao, na yote mawili huanza kwa kiambishi kilekile cha Kilatini chenye maana ya pamoja. Tena kampuni, kwa asili yake ya Kilatini, ni watu walao mkate mmoja. Mtu aliyeyatazama kwa macho ya kamusi angeyaita ndugu. Huko Bariadi si ndugu kabisa.

Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932. Kiswahili kingaliweza kulichukua neno la Kiingereza lililokuwa katika sheria hiyo, kama kilivyolichukua kamati. Hakikufanya hivyo. Kilikuwa na mzizi wa Kiarabu uliokwisha kuwa wake, uliotupa shirika, kushiriki na mshiriki, nacho kikauvika kiambishi cha U kikapata ushirika. Neno hili hujieleza lenyewe. Hata mkulima asiyejua kusoma husikia ndani yake kitenzi cha kushiriki, na akiambiwa kuwa ushirika umeamua jambo, anaweza kuuliza: nani alishiriki? Kampuni haina kitenzi ndani yake. Ule mkate wa Kilatini haukufika Bariadi. Kampuni ni mnunuzi anayekuja na fedha na gari, na akiondoka ameondoka. Wingi wake husemwa aghalabu makampuni, na kile kiambishi cha MA huongeza uzito na umbali.

Tofauti hii ya maana ilijengwa na historia. Baada ya uhuru malalamiko dhidi ya vyama vya ushirika yalikuwa mengi, na mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais iliyachunguza. VFCU ikavunjwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza mwaka 1968. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote vya ushirika. Baada ya sheria ya 1982 vikarudi, na Bariadi, ikiwa wakati huo katika Mkoa wa Shinyanga, ikawa chini ya SHIRECU. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa, makampuni yakaingia. Kwa hiyo ndani ya miaka isiyofika thelathini mkulima huyohuyo aliuza pamba ileile kwa ushirika, kisha pasipo ushirika, kisha kwa ushirika tena, kisha kwa kampuni. Kila badiliko liliongeza kitu katika maana ya maneno hayo mawili. Ushirika ukawa neno la madai na pia la masikitiko, kwa kuwa ulikuwa mali ya wakulima na uliweza kuwasaliti; kampuni likawa neno la fedha taslimu lisilo na ahadi.

Halafu likatokea jambo ambalo mwanahistoria wa lugha hana budi kuliandika. Vyama vya msingi siku hizi huitwa kwa kifupisho cha Kiingereza, AMCOS, nacho husomwa kama neno moja. Katika msimu wa 2018 serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama hivyo, na kifupisho kikawa mdomoni mwa kila mkulima. Tazama basi: lile neno la C ambalo Kiswahili kililikataa katika miaka ya 1930 limeingia sasa kwa mlango wa nyuma, likiwa limejificha katikati ya herufi tano. Na lilipoingia halikuleta kitenzi chochote. Mkulima akisikia AMCOS hasikii kushiriki. Akisikia chochote, sauti hiyo hukaribia mkosi, ambao hakuna aliyeuombea shamba lake. Hatusemi kwamba chama ni kibaya kwa sababu ya jina lake. Twasema kwamba swali lile la nani alishiriki limekuwa gumu zaidi kuuliza, maana neno lenyewe halilikumbushi tena.

Wala isidhaniwe kuwa herufi za kigeni daima humshinda mkulima. Mbegu za pamba zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, huitwa UK82 na UK91. Kwingineko duniani herufi hizo mbili ni Uingereza. Katika mashamba ya Bariadi ni Ukiriguru, na mtu wa huko hana haja ya kuelezwa. Herufi haina maana ya kuzaliwa nayo. Hupewa maana na watu walioifanyia kazi.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafuata. La kwanza, watungaji wa kamusi wanaposhughulikia maneno yaliyotoka Kiingereza wasiridhike kuandika asili ya neno peke yake. Kamusi ya Johnson ya 1939 ilitufundisha kuonyesha neno limetoka wapi, nasi yatupasa tuongeze limepitia wapi na katika kazi gani. La pili, Kiswahili cha bara kisihesabiwe kuwa ni mwangwi tu wa kile cha pwani. Kilabu, kukata kadi na kampuni kwa maana ya pamba ni maana zilizoshikwa na kukomazwa bara, na wazee waliozijua tangu mwanzo wanapungua kila mwaka. Kazi ya kuwauliza ni ya sasa. La tatu, wanaotafsiri sheria, mikataba na matangazo kwa ajili ya wakulima waache kudhani kuwa neno na kifupisho ni kitu kimoja. Penye ushirika pana swali, penye kifupisho pana herufi tu. Na mkulima anayewekewa mkataba mbele yake anastahili neno ambalo anaweza kulihoji.